Tumbo la mtoto linapohitaji upasuaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria

Maswali haya nimeyaokota kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje, wodini, na mengine juu ya kivuko, mama akiniona nina sare ya kazi ananifunulia tumbo la mwanawe hapo hapo. Mimi ni tabibu. Miaka yangu mingi imeishia kwenye vituo vya afya vya kando ya ziwa, ambako daktari wa upasuaji hayupo na kazi yangu kubwa ni kutambua mapema nani apandishwe gari. Nimeandika kwa ajili ya wazazi, ila wenzangu wa zahanati nao watakuta ya kwao humu. Ukisoma ukaona dalili za mwanao, mpeleke akaonwe kwanza. Kusoma utamalizia baadaye.

## Ya mwanzo

1. Mwanangu analalamika tumbo karibu kila wiki. Nitajuaje kwamba safari hii ni la upasuaji?

Matumbo mengi ya watoto hayahitaji kisu. Ni kuharisha, choo kigumu, minyoo, maambukizi ya mkojo, au hofu ya mtihani. Tumbo la upasuaji lina tabia yake: mzazi anaweza kutaja lilipoanza ("jana, baada ya chakula cha mchana"), haliachii, na kila ukilitazama limezidi. Mtoto aliyekuwa mzima akishikwa na maumivu makali yakapita muda wa saa 6 bila kulegea, aonwe siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Yapo mambo yanayonifanya niache kuuliza maswali na kuanza kutafuta gari: matapishi ya kijani, tumbo lililovimba huku hewa na choo vimekatika, damu kwenye choo cha mtoto anayelia kwa vipindi, tumbo gumu lisilotaka kuguswa, uvimbe kinenani usiorudi ndani, mtoto aliyelegea, macho yamezama, mikono na miguu ya baridi. Moja tu linatosha. Usingoje la pili lije kulithibitisha la kwanza.

2. Kwa nini kila tukifika tunaulizwa rangi ya matapishi?

Kwa sababu rangi inatuambia njia imezibia wapi. Matapishi meupe ya maziwa, au ya chakula alichokula, mara nyingi yanatoka tumboni tu. Ya kijani, mfano wa maji ya kisamvu, ni nyongo, na nyongo huingia kwenye utumbo chini kidogo ya tumbo la chakula. Ikirudi juu, huenda huko chini hakupitiki. Kwa kichanga, matapishi ya kijani ni dharura mpaka ithibitike vinginevyo, kwa sababu utumbo ambao haukukaa mahali pake tangu mimba unaweza kujisokota kwenye mishipa yake ya damu na kufa ndani ya saa chache. Mtoto huyo anaweza kuwa na tumbo laini kabisa mwanzoni, na ulaini huo umeshatudanganya wengi.

Kama huna uhakika na rangi, mkinge na kitambaa cheupe, uje nacho. Sisi hatuoni kinyaa.

3. Daktari alimbonyeza tumbo dakika mbili tu. Anatafuta nini?

Akiwa mzuri, alianza kupima kabla hujakaa. Mtoto mwenye usaha au uchafu uliomwagika tumboni hapendi kutikiswa: anatembea ameinama, akilala anatulia kimya, magoti juu, hataki kugeuzwa. Mwenye utumbo unaojinyonga ni kinyume chake, hujipindapinda na hatulii.

Mimi humwacha mapajani mwa mama. Napasha viganja moto, naanzia mbali na panapouma, na macho yangu yanakaa usoni kwake maana uso hausemi uongo. Mtoto mwoga nauchukua mkono wake mwenyewe, nauweka chini ya wangu, tunabonyeza pamoja. Kisha namwambia avimbishe tumbo kama puto, alinywee, akohoe, aruke kwa mguu mmoja. Anayeruka mara tatu akicheka, wasiwasi wangu unapungua sana. Na kuna swali moja ambalo watu huliona la utani: mkiwa kwenye bodaboda, matuta yalimuumiza? Mtoto mwenye kidole tumbo huyakumbuka matuta yote tangu Igoma mpaka mjini.

Baada ya saa chache nambonyeza tena, mimi huyo huyo nikiweza. Ukiambiwa "tunamtazama kwanza" usidhani umepuuzwa. Kupimwa mara ya pili na mkono uleule ni kipimo, tena cha bure.

4. Bibi yake anasema ni mchango, na dawa yake anaijua. Tuanze na hiyo?

Simgombezi bibi, kwa sababu mara nyingi ndiye wa kwanza kugundua kwamba mtoto hayuko sawa. Ubaya upo kwenye jina. Tumbo likishaitwa mchango, au nzoka kwa Kisukuma, au hata "UTI" kwa lugha ya duka la dawa, kila kinachofuata kinaingizwa ndani ya jina hilo. Akitapika, mchango unatoka. Akilegea, dawa inafanya kazi. Wagonjwa waliochelewa niliowapokea wengi hawakucheleweshwa na ziwa wala barabara. Walichelewa nyumbani na zahanati, wamekaa ndani ya jina la kwanza.

Kitu ninachokataza bila kuomba radhi ni dawa ya kuharisha na maji ya dawa yanayoingizwa kwa njia ya haja kubwa. Utumbo ulioziba au unaokaribia kutoboka ukisukumwa kwa nguvu unapasuka.

## Kwa umri na kwa ugonjwa

5. Mtoto ana siku mbili hajapata choo tangu azaliwe. Ni kawaida?

Hapana. Wengi hutoa choo cha kwanza, kile cheusi kinachonata, ndani ya saa 24. Ikifika saa 48 bila kitu, tumbo linavimba, lazima atafutwe mwenye ujuzi. Kwanza tazama kama tundu la haja kubwa lipo na liko mahali pake. Kwa mtoto wa kike choo kidogo kinaweza kupitia ukeni, familia ikadhani yote ni sawa. Tundu likiwepo, huenda utumbo mpana umekosa mishipa ya fahamu sehemu ya chini, au njia imeziba juu zaidi.

Na akizaliwa utumbo uko nje, usioshe na usijaribu kuurudisha. Ufunike kwa mfuko safi wa plastiki, mtunzie joto, aondoke mara moja.

6. Ana wiki nne, akinyonya tu maziwa yanaruka mpaka ukutani, kisha anataka tena.

Hiyo njaa ya baada ya kutapika ndiyo inayonishtua. Mlango wa kutokea tumbo la chakula huweza kunenepa na kubana, zaidi kwa watoto wa kiume, kati ya wiki ya 3 na ya 6. Matapishi huwa meupe, si ya kijani. Ni dharura ya maji na chumvi za mwili kabla ya kuwa dharura ya kisu; daktari atamrekebisha kwa dripu, hata kwa siku moja au mbili, ndipo ampasue. Wazazi hulalamika kwamba wanacheleweshwa, lakini hapa kungoja ndiyo matibabu.

7. Ana miezi saba. Analia kama anachomwa, anakunja miguu, anatulia, anaanza tena. Ni meno?

Meno hayafanyi hivyo. Hili ndilo swali ninaloomba wazazi wengi walisome, kwa sababu ugonjwa huu huwapata watoto walionona, wenye afya, ambao hakuna anayewategemea kuugua.

Kipande cha utumbo huingia ndani ya kipande kinachofuata, kama mkono wa shati unapovutwa ukajikunja ndani yake wenyewe. Hutokea zaidi kati ya miezi 3 na miaka 3, na kilele chake ni miezi 5 hadi 9. Kila utumbo unapojaribu kusukuma, mtoto anapiga yowe, anavuta magoti kifuani, anapauka. Dakika chache baadaye ametulia, hata anacheka. Baada ya dakika kumi na tano au ishirini, tena. Ukimwona katikati ya vipindi utamrudisha nyumbani. Ndiyo maana mimi humwambia mama akae nami nusu saa. Hapo awali hutapika maziwa, baadaye kijani. Choo cha damu iliyochanganyika na kamasi nzito, kama jemu nyekundu, huja nyuma sana, na wengine hakiwajii kabisa. Anayengoja damu ili aamini, amechelewa.

Wengine hawalii. Wanalegea tu, wanasinzia, wanatazama pasipo kuona, na wanatibiwa malaria kali.

Mkononi unaweza kuhisi uvimbe mrefu kama ndizi ndogo, upande wa juu kulia. Kwenye ultrasaundi unaonekana kama kitunguu kilichokatwa katikati, duara ndani ya duara. Akiwahi, na vifaa vikiwepo, utumbo unaweza kusukumwa urudi mahali pake kwa hewa au maji yanayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa, ukitazamwa kwa picha, bila kisu. Hilo ni jambo la hospitali na halina uhusiano na lile nililokataza kwenye swali la 4. Aliyechelewa, tumbo limeshakuwa gumu, hupasuliwa moja kwa moja.

8. Je, ni kweli chanjo ya rota (ya kuzuia kuharisha) ndiyo inayoleta ugonjwa huo?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha nchi saba za Afrika na Tanzania ikiwemo, haukuona ugonjwa huo ukiongezeka baada ya chanjo iliyokuwa ikitumika. Mpeleke apate chanjo kwa wakati wake.

9. Kidole tumbo kwa mtoto kinaanzaje? Tumesikia huuma kulia.

Huanzia kitovuni. Hapo ndipo watu hupotea. Mtoto anakataa chakula, anasema panauma hapa kati, anatapika mara moja au mbili, joto linapanda kidogo. Baada ya saa kadhaa maumivu yanahamia chini kulia. Mpangilio huo una thamani: maumivu yakitangulia na kutapika kukafuata, wazia kidole tumbo; kutapika na kuharisha kukitangulia, kuna uwezekano mkubwa ni maambukizi ya kawaida ya tumbo.

Sasa yanayovunja kanuni. Kidole kilicholala chini kwenye nyonga humfanya mtoto aharishe kidogo kidogo na kukojoa mara kwa mara. Kikikaa karibu na kibofu, mkojo unaweza kuonyesha chembe nyeupe, akaandikiwa dawa ya UTI. Watoto chini ya miaka 5 hawasimulii hadithi yoyote, na wengi wao kidole huwa kimeshatoboka siku kinapogunduliwa. Kuna pia ile nafuu ya uongo: maumivu makali yanakatika ghafla, familia inashukuru, na usiku tumbo lote linavimba. Kimetoboka.

10. Amekuwa na homa wiki mbili, leo tumbo limekuwa gumu kama ubao.

Usingoje amalize dozi. Taifodi isiyotibiwa vizuri hutoboa utumbo mwembamba, mara nyingi kuanzia wiki ya pili au ya tatu ya homa, na waathirika wengi ni watoto wa umri wa shule na vijana. Picha ya eksirei ya kifua akiwa amesimama au ameketi mara nyingi huonyesha hewa chini ya kiwambo cha kifua; hewa hiyo ikionekana, kazi ya vidonge imekwisha. Isipoonekana, tumbo gumu linabaki tumbo gumu. Kile kipimo cha damu cha Widal kinachopendwa sana mitaani hakisemi lolote kuhusu kutoboka, na hata kuhusu taifodi yenyewe hakiaminiki sana.

11. Ana uvimbe kinenani unaotokea akilia. Na wa kitovuni je?

Wa kitovuni, kwa watoto wetu, ni jambo la kila nyumba. Mwingi hujifunga wenyewe kufikia miaka 4 au 5, mara chache sana huleta balaa, na sarafu iliyofungwa kwa kitambaa haisaidii kitu.

Ngiri ya kinenani haijifungi. Hata kama inarudi, apangiwe upasuaji mapema, hasa mchanga. Siku isiporudi, ikawa ngumu, inauma, mtoto anatapika, hiyo ni dharura.

Niliikosa mwenyewe mara moja. Mtoto wa miezi mitano, anatapika, joto kidogo, kipimo cha malaria chanya. Nilimpima tumbo juu ya pampasi. Alfajiri muuguzi wa zamu alipombadilisha akaniita: kinena cha kulia kilikuwa na uvimbe kama yai la kanga, mwekundu, mgumu. Alipona, lakini kipande cha utumbo kilikatwa. Tangu siku ile siandiki neno kwenye faili kabla pampasi haijatoka.

12. Ametapika mnyoo. Nimpe dawa ya minyoo?

Kama anacheza na anakula, ndiyo. Kama tumbo limevimba, linauma na choo kimekatika, usimpe: minyoo mingi inaweza kuwa imejifunga fundo na kuziba njia. Hospitali ifungue njia kwanza, dawa ifuate.

## Vipimo na dawa

13. Kipimo cha malaria kimesema chanya. Si ndiyo sababu basi?

Inaweza kuwa, inaweza isiwe. Ukanda huu wa ziwa watoto wengi hutembea na vijidudu vya malaria bila kuugua, na kile kipimo cha haraka huendelea kuwa chanya wiki kadhaa baada ya kupona. Mtoto anaweza kuwa na malaria na kidole tumbo kwa pamoja. Mimi hutibu malaria yake na kuendelea kulishuku tumbo. Kinyume chake, nimonia ya chini ya pafu huuma tumboni kabisa. Kwa hiyo tunahesabu pumzi. Kisukari kipya nacho huleta tumbo kali na kutapika, na tone moja la damu la kupima sukari limeshawaokoa watoto wasipasuliwe bure.

14. Ultrasaundi haikuona kitu. Tumepona?

Inategemea aliyeishika na gesi iliyomo tumboni. Kidole kisichoonekana si sawa na kidole kizima. Picha ikipingana na tumbo, mimi naamini tumbo.

15. Tumeambiwa tusimpe dawa ya maumivu, eti itaficha ugonjwa.

Ni imani ya zamani. Kumtuliza mtoto hakufichi tumbo la upasuaji. Mara nyingi kunarahisisha kumpima, kwa sababu anayebaki na maumivu sehemu moja tu anaonyesha vizuri zaidi. Panado kwa kipimo cha uzito wake inafaa, mradi mwenye kumpima aambiwe imetolewa saa ngapi. Sindano ya dukani na antibayotiki za kubahatisha sizipendi. Hizo zinaficha kweli.

## Safari

16. Tupo Ukerewe, ni usiku, kivuko hakuna. Tufanyeje?

Nenda hospitali ya wilaya pale Nansio, usilale nyumbani ukingoja asubuhi. Saa hizo za usiku hazipotei bure: dripu inawekwa, mpira wa puani unapitishwa kutoa uchafu tumboni, dawa ya kuua vijidudu inaanza, na simu inapigwa ng'ambo ili mtoto apokelewe akijulikana. Asubuhi kuna njia ya maji moja kwa moja mpaka Mwanza, na ile ya Rugezi kwenda Kisorya kisha gari kupitia Bunda. Wa Sengerema wameondokewa na adha hiyo tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Zamani tulikuwa tunahesabu foleni ya kivuko kama sehemu ya ugonjwa.

Kwa wenzangu: mililita 10 hadi 20 za dripu kwa kila kilo, kisha mpime tena kabla ya kuongeza. Na barua ya rufaa iandike maumivu yalianza saa ngapi, si "tumbo kali" peke yake.

17. Njiani nimpe nini?

Anayetapika kijani au aliyevimba tumbo asipewe chochote mdomoni, hata uji mwepesi, hata maji ya madafu. Ndiyo maana dripu ianze kituo cha karibu. Kichanga abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, na dripu yake iwe na sukari, kwa sababu hupoa na kuishiwa sukari upesi. Chukua kadi ya kliniki, fomu za rufaa na mtu wa kuchangia damu.

## Yasiyo ya kila siku

18. Mwanangu ana selimundu. Kila tumbo likiuma tunaambiwa ni maumivu yake ya kawaida.

Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, na maumivu yao ya tumbo kweli huiga kidole tumbo. Ila nao hupata kidole tumbo, na mawe kwenye mfuko wa nyongo huwapata mapema kuliko wengine. Muulize yeye: haya ni yale yale? Mtoto wa miaka minane anayeyajua maumivu yake akisema "haya si yale," mimi naita daktari wa upasuaji. Bandama likivimba ghafla na mtoto akapauka, anahitaji damu haraka, si kisu.

19. Kijana wa miaka 13 anasema tumbo, lakini hataki kuvua.

Kwa wenzangu: mtoe mama nje kwa upole, umpime kijana. Korodani iliyojisokota huuma tumboni, na baada ya saa 6 nafasi ya kuiokoa hushuka haraka. Kwa binti, ovari nayo hujisokota, na mimba iliyotunga nje ya kizazi lazima iulizwe, kwa faragha.

20. Alianguka kwenye mwembe jana, leo tumbo linauma.

Aonwe leo. Ini na bandama huweza kuvuja damu taratibu bila jeraha lolote nje. Hivyo hivyo kwa usukani wa baiskeli uliomchoma tumboni, au teke.

21. Amemeza betri ya saa.

Ondoka sasa hivi, apigwe picha. Ikikwama kooni au kwenye umio, huunguza ndani ya saa mbili. Sumaku mbili au zaidi nazo hukamatana katikati ya kuta za utumbo na kuzitoboa.

22. Ana uvimbe tumboni usiouma. Tungoje?

Usingoje, na usimkande. Uvimbe wa Burkitt, saratani ambayo Denis Burkitt aliieleza kutoka Uganda mwaka 1958, unapatikana ukanda huu, na unakua kwa siku badala ya miezi. Hutibika kwa dawa zinazopitishwa mshipani. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ndiyo njia. Uvimbe huo ndio pia unaonifanya nishtuke ugonjwa wa swali la 7 ukimpata mtoto wa miaka sita: mara nyingi kuna kitu ndani kinachouvuta utumbo.

23. Alipasuliwa mwaka jana, akapona. Leo anatapika kijani tena.

Makovu ya ndani hushikamana na kubana utumbo, hata miaka mingi baadaye. Zahanati isiyomfahamu itampa dawa ya kuzuia kutapika na kumrudisha nyumbani. Ukifika mapokezi, kabla hujataja hata jina lake, mfunue shati waone kovu.